Anayelia Ana Pumzi

Wakimbizi walimwita Sista, wenyeji tulimwita Sista, na hata madereva wa malori ya mgao, watu wa matusi na kelele, walipofika mlangoni pa wodi ya watoto walishusha sauti wakasema, "Hodi, Sista." Jina lake nililiona mara moja tu, kwenye karatasi yake ya likizo. Sitaliandika hapa, maana mwenyewe hakupenda litajwe. Alisema jina ni la mama yake aliyempa na la malaika watakaomwuliza maswali kaburini. Wengine wote, Sista inawatosha.

Neno hilo lilileta mkanganyiko. Lukole, kambi yetu ya wakimbizi kule Ngara, wakati ule ilijaa Warundi, wengi wao Wakatoliki, na sisi Wahangaza wa vijiji vya jirani tulikuwa Wakatoliki vilevile. Kwetu sista ni mtawa. Yeye naye alijifunga ushungi mweupe hadi kidevuni, kwa hiyo akina mama walidhani ni mtawa wa shirika jipya lisilojulikana Burundi. Walimletea rozari. Niliwaeleza mara nyingi kwamba huyu ni Mwislamu wa Biharamulo mjini, ana mume na watoto waliokwisha kuoa, na kaka zake wana duka la nguo karibu na stendi. Wengine hawakuniamini. Siku moja mama mmoja alimwomba ambatize mtoto wake mgonjwa.

"Mwambie mimi ni sista wa sindano, si wa rozari," akaniambia. Akamtazama mtoto tena. "Lakini amwite katekista. Na upesi."

Nilikuwa sijafasiri bado, mama akaanza kulia. Neno "upesi" alilijua.

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nalima maharage na mama, kambi ilipoanza kuajiri watu wa kufasiri. Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na Kiswahili nilikipata shuleni. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya Sista na mama, maneno yapite kwangu. Mchana nilifagia, nikamwaga maji machafu, nikabadilisha mashuka. Alinikuta binti wa miaka kumi na tisa, akaniita Binti, na hakuacha kuniita hivyo hata nilipozaa.

Kiswahili chake kilikuwa cha nyumba za watu waliotoka pwani, chepesi na chenye adabu nyingi, hata alipokuwa anakukemea. "Hebu mwanangu, nikuulize," angesema, nawe ungejua umeharibu kitu. Alitafuna karafuu kutwa nzima. Hakunywa maziwa, alisema yanamnukia kama mtoto mchanga, na watoto wachanga anao wa kutosha. Karatasi za ripoti alizichukia, akaziacha zirundikane mpaka mkubwa wa kituo aje mwenyewe na kalamu. Halafu alikuwa na karata. Saa ya chakula alikwenda kukaa na madereva chini ya tela la lori, akacheza nao, na aliiba waziwazi. Alificha karata za mabwana na mabibi ndani ya ushungi. Walipomkamata alicheka mpaka akajifuta machozi.

Mtu huyohuyo, ndani ya wodi, hakumdanganya mama yeyote. Wauguzi wengine walisema, "Atapona, usiwe na wasiwasi," kwa kuwa ni rahisi kusema. Yeye alisema anachokiona. Nilimwogopa kwa hilo.

Ugonjwa uliotuletea watoto wengi kila mvua zilipoanza ulianza kama si kitu. Mafua, makamasi, joto kidogo, kikohozi. Mama hakuhangaika nao, maana kambi nzima ilikuwa na mafua. Watu walilala wanane katika kibanda kimoja cha turubai, na kuni mbichi zilifuka moshi humohumo ndani kwa sababu nje kunanyesha. Wakubwa waliugua wakapona. Watoto wenye surua walikuwa na mahali pao, lakini hawa walikuwa wachanga, wa miezi miwili, mitatu, mitano. Siku ya tatu au ya nne ugonjwa ulishuka kifuani. Mtoto alianza kupumua haraka, akiachia sauti nyembamba kama filimbi. Matundu ya pua yalitanuka. Chini ya mbavu ngozi ilibonyea ndani kila alipovuta hewa. Akashindwa kunyonya, maana huwezi kunyonya na kutafuta pumzi kwa wakati mmoja. Mwishoni midomo ilibadilika rangi.

Sista alinifundisha kuhesabu. "Mtazame tumbo, usimtazame uso. Uso utakudanganya. Na uhesabu dakika nzima, hawa hupumua kwa kurukaruka." Mtoto wa miezi minne akizidisha hamsini kwa dakika, nimwite. Kifua kikibonyea, nimwite hata kama anasali.

Kulikuwa na msemo wake ambao akina mama wote waliujua, nami niliufasiri mpaka ukawa kama wangu: "Anayelia ana pumzi." Wodi ikiwa na kelele za watoto alitembea kwa raha. Ikinyamaza alikwenda kitanda kwa kitanda akiinua mablanketi.

Akina mama walitaka sindano. Walitembea kwenye tope wakiwa na mtoto mgongoni ili apigwe sindano, na mtu asiyepiga sindano alikuwa amewanyima kitu. Wengine walikuja wamechelewa, mtoto ameshakatwa kilimi au ana chale mbichi kifuani.

"Waambie ugonjwa huu umeletwa na kirusi," alisema, nami nikatafuta namna ya kusema kirusi kwa Kirundi, nikaishia kusema mdudu mdogo asiyeonekana. "Kirusi hakisikii sindano. Sindano hii ninayompiga ni ya mdudu mwingine, endapo wamekuja pamoja. Kwa huyu wa kwanza sina dawa. Hakuna aliye nayo, si hapa, si Ulaya. Ninachoweza ni kumsaidia mtoto apumue na anywe, mpaka mwili wake umalize vita wenyewe."

Na kumsaidia kulikuwa ni kazi ya mikono. Matone ya maji ya chumvi puani, makamasi yavutwe, mtoto aegeshwe kichwa juu. Maziwa ya mama yakamuliwe, yapitishwe kidogokidogo kwa mpira wa puani. Asifunikwe mpaka atoke jasho, asiachwe kwenye baridi. Mikono ioshwe kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, sisi na mama zao. Mtu mwenye makamasi alifukuzwa mlangoni, awe baba, awe katekista. Halafu mashine ya hewa. Tulikuwa nayo moja, ikiendeshwa na jenereta, na mipira yake iliweza kugawia watoto wanne. Wa tano alisubiri mmoja wa wale wanne apate nafuu au afe.

Mvua za mwaka wangu wa pili pale, yeye mwenyewe aliamka na mafua. Hakukuwa na mtu wa kumpokea zamu, kwa hiyo alifunga kitambaa mdomoni akafanya kazi siku tatu. Wiki iliyofuata watoto wawili waliolazwa kwa kuhara, waliokuwa karibu kuruhusiwa, walianza kukohoa. Mmoja alikufa. Nilimwambia kambi nzima ina mafua, hawezi kujua nani alileta.

"Ni kweli, siwezi kujua," akasema. Hakugusa karata mwezi mzima.

Sasa nieleze jambo ambalo kwa ajili yake naandika haya.

Nilikuwa nalainisha maneno yake. Nilianza kidogokidogo. Yeye akisema, "Hali ni mbaya sana," mimi nasema, "Anaumwa." Akisema, "Sina hakika kama atafika kesho," mimi nasema, "Tuendelee kumwombea." Akina mama wale walikuwa watu wa rika langu. Walikuwa wamevuka mpaka kwa miguu, wengine wamezika njiani. Niliona kwamba wamesikia mabaya ya kutosha, na kwamba sauti ya kuwaambia mengine isiwe yangu.

Alikuwapo mama mmoja, Mama Leonsia. Mwanawe Leonsia alikuwa na miezi minne, mnene wa mashavu, na alipata nafasi kwenye mashine siku ileile alipoletwa. Siku mbili mama yake hakuondoka kitandani. Watoto wake wengine wawili aliwaacha kwa jirani, mume alikuwa hajulikani alipo. Alikuwa mchangamfu kwa hofu, kama wengine wanavyokuwa, akiniuliza kuhusu kwetu, tunapanda nini, pombe ya ndizi tunaitengenezaje.

Siku ya tatu asubuhi nilihesabu pumzi za Leonsia. Jana yake zilikuwa zaidi ya sabini. Sasa zilikuwa arobaini. Nilifurahi, nikamwita Sista nimwonyeshe. Mama naye alikuwa anatabasamu.

Sista hakutabasamu. Aliinua kifundo cha mkono cha mtoto akakiachia, kikaanguka kama kitambaa. Akapekua kope. Akachuchumaa mbele ya mama, wakawa macho kwa macho, akasema nami polepole ili nisipoteze neno.

"Mwambie hivi. Mtoto hapumui polepole kwa sababu anapona. Anapumua polepole kwa sababu nguvu zimekwisha. Amekimbia siku tatu, sasa amechoka. Hapa sina mashine ya kupumua kwa niaba yake, na ya karibu iko mbali kuliko muda wake. Nadhani ataondoka leo. Mama asitoke hapa. Amshike, ili mtoto asiwe peke yake."

Mama Leonsia alinitazama mdomoni. Nikamwambia kwa Kirundi, "Mtoto amechoka, anapumzika. Imana izomufasha." Mungu atamsaidia. Maneno hayo tu.

Sista alibaki amechuchumaa, akitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaitwa kitanda cha mwisho ambako mtoto alikuwa amechomoa mpira wake.

Mama Leonsia akanishika mkono. "Leo ni siku ya mgao wa kijiji chetu cha hapa kambini," akasema. "Wale wawili kwa jirani hawana unga. Kwa kuwa anapumzika, si naweza kwenda nirudi?"

Ningeweza kusema pale. Nilikuwa na nafasi ya pili, na Sista hakuwa karibu. Nikasema, "Nenda, ila usichelewe."

Alikwenda. Foleni ya mgao ilikuwa ndefu, na mvua ikanyesha. Leonsia alikufa kabla ya saa sita. Sista alipogundua mama hayupo alimchukua mtoto mwenyewe, akakaa naye kwenye kigoda, ushungi ukiwa umelegea, akamwimbia kitu cha kwao taratibu mpaka mwisho. Mimi nilisimama na ufagio.

Mama alirudi saa nane, unga kichwani, maharage kwenye kanga, amelowa. Aliona kitanda. Hakutua mzigo. Alinigeukia mimi, si Sista.

"Uliniambia anapumzika," akasema.

Sista aliuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia anavyosema, neno kwa neno, kwa kuwa sikuwa na la kufanya tena.

Sista alikuwa ameelewa yote. Baadaye aliniambia hata hakuhitaji kujua Kirundi: maneno yake yalikuwa marefu, yangu mafupi. Akainuka, akamtua mama yule unga wake, akauweka chini vizuri usimwagike. Halafu akasema, "Mwambie nilikosea mimi. Mwambie niliona pumzi zimepungua nikadhani anapona. Mwambie anisamehe."

"Sista," nikasema.

"Fasiri."

Nikafasiri. Huo ndio ufasiri wangu wa kwanza wa haki kwa mama yule, na ulikuwa uongo.

Mama Leonsia hakupiga kelele. Alimtazama Sista kwa muda, akasema, "Kumbe hajui kitu." Akambeba mwanawe.

Sista hakunigombeza siku hiyo wala kesho yake. Wiki nzima alinituma kufagia, akafasiriwa na mlinzi wa getini aliyejua Kirundi cha sokoni. Kisha akaniita.

"Umenifanya nimnyang'anye mwanamke yule saa tatu za mwisho za mwanawe," akasema. "Kesho utafasiri kama ninavyosema. Ukishindwa, niambie leo, urudi kwenye maharage yako."

"Kwa nini hukumwambia ni mimi?"

"Kwa sababu wewe unatoka kijiji cha jirani, wangekujua mpaka kwenu. Mimi nitarudi Biharamulo." Akatema karafuu kiganjani. "Na kwa sababu sikujua la kufanya. Usidhani kila nikifanyacho nakijua."

Nilifasiri vizuri tangu siku hiyo. Nilisema yote, mengine nikilia. Lakini haikusaidia sana. Mama Leonsia alikuwa amerudi kijijini kwake, na huko kambini kijiji ni mistari ya vibanda, habari hupita kwenye turubai kama moshi. Walisema nesi wa ushungi hajui kutofautisha mtoto anayepona na anayekufa. Mwenyewe amekiri. Waliacha kuleta watoto wao mapema. Walikwenda kwanza kwa mkata kilimi, kwa mwombezi, kwa muuza vidonge, nasi wakatuletea wakiwa na midomo ya rangi ya majivu. Wengine waliletwa wameshakufa mgongoni, mama hajui. Sista aliwapokea wote kwa maneno yaleyale ya adabu. Hakusahihisha ule uongo, nami sikuusahihisha. Ningeweza kwenda kusimama kwenye foleni ya mgao nikasema ni mimi. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi. Zilikuwa Jumamosi nyingi.

Aliondoka kabla yangu, bila sherehe. Alisema kifua kinambana na baridi ya Ngara haimfai.

Nilimwona tena miaka ile kambi ilipokuwa inafungwa, watu wanarudishwa Burundi kwa malori. Nilikuwa nimeolewa, nimekwenda Biharamulo kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Nilipomaliza nikauliza duka la nguo karibu na stendi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza, amekonda, mguu mmoja umevimba.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Binti. Umenenepa, alhamdulillahi."

Alimtuma mpwa wake akaleta wali na maharage. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia Mama Leonsia amerudi Burundi, nilimwona akipanda lori, na hata siku ile sikumwambia kwamba ni mimi.

"Najua," akasema. "Ungemwambia ungeanza na hilo."

Nikatafuta la kuongeza, akaingia mteja. Alikuwa mwanamke kijana, mtoto mgongoni, anataka kanga. Nikaenda uani kunawa mikono, na niliporudi alikuwa bado anachagua rangi. Mtoto alikohoa. Sista akaacha kukunjua nguo. Aliinuka kwa shida, akazunguka meza, akamteremsha mtoto mgongoni mwa mwanamke yule bila kuomba, akamfunua kifua, akatazama, midomo ikimchezacheza. Nilijua anahesabu.

"Mwanangu," akasema, "huyu ana miezi mingapi?"

"Mitatu, bibi."

"Ameanza lini?"

"Juzi. Ni mafua tu."

"Si mafua tu. Tazama hapa chini ya mbavu. Kifua chake kimeanza kubonyea. Toka hapa nenda hospitali, ni hapo juu, hata usipite sokoni. Watamwekea hewa. Ukichelewa mpaka kesho atachoka, na akichoka hawataweza kumrudisha. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi. Nakwenda."

Hakuna aliyefasiri. Kilikuwa Kiswahili kitupu, kilichonyooka. Mwanamke alichukua kanga mbili, akashukuru, akatoka. Sista alirudi kitini akihema.

Baada ya muda mpwa wake aliyekuwa mlangoni akasema, "Shangazi, yule hakupanda kwenda hospitali. Ameingia stendi."

Nilikimbia. Stendi kulikuwa na mabasi matatu. Nilipanda moja baada ya jingine nikichungulia viti, watu wakinishangaa. Mpiga debe aliniambia mwanamke mwenye mtoto na kanga mpya alipanda basi la Nyakanazi, nalo limeondoka sasa hivi. Nilitazama barabara. Lilikuwa limeshapinda, vumbi tu.

Nilirudi dukani.

"Umempata?"

"Hapana."

"Mdogo wake anaolewa kesho huko Nyakanazi," akasema Sista. "Aliniambia wakati anachagua rangi, wewe umekwenda kunawa." Alizivuta nguo zilizobaki mezani, akaanza kuzikunja upya, pindo kwa pindo. "Kula, wali unapoa. Basi lako nawe lisikuache."

Nikakaa nikala. Alizikunja zote, akazipanga na kuzipanga upya mpaka muda wa basi langu ulipofika.